Asubuhi kinainua, saa nne kinagoma

Shikamoo Mzee Spana,

Mimi ni mama wa miaka 38, nipo Mkinga, naendesha majaruba ya chumvi niliyoachiwa na marehemu baba. Miaka yote tulivuna kwa makoleo na migongo ya watu. Mwaka juzi nikajipinda, nikanunua trekta dogo la mtumba la Kijapani, nguvu za farasi 25, lenye kijiko cha mbele. Msimu wa kwanza nilitembea kifua mbele.

Kaskazi hii limeanza visa. Saa moja asubuhi kijiko kinabeba chumvi na kuimwaga ndani ya trela bila neno. Ikigonga saa nne, jua limeshachoma, mzigo uleule kinaupandisha hadi usawa wa kifua kisha kinaganda. Dereva anavuta hendeli mpaka mwisho, hakiendi. Injini haigumii wala haipunguzi sauti, kana kwamba haijaombwa kazi. Kinachosikika ni kimluzi chembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, kutoka pale kwenye valvu ya kijiko. Kikiwa kitupu kinapanda kama zamani. Na bleidi ya nyuma, ile ya kukwangulia njia, inapanda kutwa nzima, haina tatizo.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza alisikiliza dakika tano akasema pampu imekufa, nitafute milioni moja na laki mbili aniletee nyingine. Wa pili ni kijana, bei yake ndogo. Alikaza skurubu moja kwenye valvu mizunguko miwili, na kweli, kwa siku mbili kijiko kiliinua kama kipya. Siku ya tatu mpira mmoja wa kupitishia oili ukapasuka, oili ikamrukia mfanyakazi. Mungu alisaidia ikaishia kwenye shati. Tukafunga mpira mwingine, tukajaza oili iliyopungua. Tuliyokuwa nayo ni ya injini namba 40, tukatia hiyohiyo.

Sasa tumerudi palepale, na limezaliwa jipya: dereva akikiacha kijiko juu akaenda kunywa chai, akirudi anakikuta kimeshuka kama dhiraa moja. Zamani hakikuwa na tabia hiyo.

Sijui kama linahusika, lakini kabla ya msimu nilikipeleka kijiko kwa fundi wa kuchomelea, akakiongeza mdomo na mashavu ili kichote zaidi.

Jirani yangu anasema matrekta ya Kijapani yakichoka yamechoka, niuze. Ninunue pampu? Niuze? Kabla ya masika nina chumvi nyingi ya kutoa, na vijana wa makoleo wa zamani wote wameshakimbilia bodaboda.

Mama wa Majaruba, Mkinga

*

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu baba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, maana umesimulia vizuri kuliko mafundi wengi wanavyosimulia. Karibu kila jibu unalolitafuta umeliandika mwenyewe.

Kabla ya pampu, kabla ya pesa, ile skurubu irudishwe leo. Yule kijana alikaza mizunguko miwili, basi ifunguliwe miwili. Hiyo ni valvu ya usalama. Ndani yake kuna springi inayokandamiza kizibo kidogo juu ya tundu. Presha ikizidi kipimo cha kiwandani, kizibo kinanyanyuka na oili inarudi tangini. Ndicho kitu kinachozuia mpira usipasuke, jeki inayonyanyua mikono ya kijiko isichane sili zake, yaani mipira ya kuzuia oili ndani yake, na pampu isivunjike. Kijana alipoikaza alimfunga mlinzi mikono, na mliyoyaona siku ya tatu ndiyo yanayotokea nyumba ikibaki bila mlinzi.

Na huyo mfanyakazi mwenye shati amepona kwa bahati kubwa kuliko mnavyodhani. Oili ya haidroliki ikichomoka kwenye tundu dogo kama la sindano inapenya ngozi. Damu haitoki nyingi, pengine mtu anaona kialama tu na kucheka. Baada ya saa chache mkono unavimba, na ukicheleweshwa unaweza kuishia kukatwa. Akipigwa mtu, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama haumwi, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya presha imeingia mwilini, asije akampa panado akamrudisha. Mnapotafuta panapovuja msipapase kwa kiganja. Pitisheni kipande cha boksi kando ya mpira. Kikilowa, mmepaona.

Sasa hiyo pampu.

Pampu iliyokufa haipasui mpira. Hapo ndipo nilipoichukua kalamu. Fundi wa kwanza aliihukumu kifo, wa pili akakaza skurubu, na maiti ikaamka ikainua chumvi siku mbili kisha ikapasua mpira wa waya. Maana yake presha ipo ya kutosha, ila kuna mahali ilikuwa inatoroka, na skurubu ilipokazwa ule mlango wa kutorokea ukabanwa kidogo.

Wengi hudhani pampu ndiyo inayotengeneza presha. Kazi ya pampu ni kusukuma oili tu. Presha inazaliwa pale oili inapokutana na kizuizi. Maji ya bomba yanatoka kwa ulegevu, ukiziba mdomo wa bomba kwa dole gumba yanaruka mpaka kwa jirani, na wala hujagusa mashine ya idara ya maji. Kwa hiyo mzigo ukigoma kupanda, kabla ya kuuliza nani hasukumi, uliza oili inakimbilia wapi.

Tena tofautisha kasi na nguvu. Kijiko kinachopanda kwa kujikongoja lakini mzigo kinafika nao, kimepungukiwa wingi wa oili: chujio limeziba, oili iko chini, au pampu imelika. Kijiko kinachopanda vizuri kikiwa kitupu kisha kikaganda mzigoni, kimepungukiwa presha. Chako ni cha pili. Siiachii pampu huru moja kwa moja, maana iliyolika nayo huvuja ndani kwa ndani oili ikipata moto. Nasema tu kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuilipia milioni moja na laki mbili.

Nikupe hesabu kidogo uone presha ina uzito gani. Presha hupimwa kwa bar. Bar moja ni karibu sawa na kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Chukua jeki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 40. Eneo la pistoni yake ni kama sentimita za mraba 12 na nusu. Kwa bar 160 inasukuma takriban tani 2. Ikishuka hadi bar 100 inasukuma tani moja na robo. Injini ni ileile, oili ni ileile, lakini zaidi ya theluthi ya nguvu imepotea na kwa macho huoni chochote kilichoharibika. Usishangae kwamba jeki mbili za tani mbilimbili zinabeba kilo mia chache tu kule mbele. Jeki imeshikiliwa karibu na shina la mkono, inatoka chini ya mita moja, na kijiko kinapanda zaidi ya mita mbili. Unachokipata kwenye urefu unakilipa kwa uzito.

Hapo tumefika kwenye kile kijiko ulichokiongezea mashavu, ambacho hujui kama kinahusika. Kinahusika, mwanangu.

Matrekta ya farasi 25 mikono yake hubeba kati ya kilo 300 na 500 hivi, na namba hiyo hupimwa kwenye pini inaposhikia kijiko. Ukienda mbele ya pini, uwezo unashuka. Mdomo ulioongezwa umeusogeza mzigo mbele, mashavu yameuongeza, na bati lenyewe lina kilo zake ambazo trekta linazinyanyua kila mara hata kama hujachota punje. Halafu chumvi inayotoka jarubani inachuruzika, ina maji yake ndani. Usibahatishe uzito wakati una mizani ya asili: jaza kijiko kama dereva anavyojaza siku zote, mwaga juu ya turubai, pakieni kwenye magunia ya kilo 50, mhesabu. Yakifika saba nusu ya ugomvi umeshaujua.

Lakini kijiko kikubwa peke yake hakielezi kwa nini asubuhi kinainua na saa nne kinagoma. Kilo hazibadiliki kwa jua. Kinachobadilika ni oili. Ikipata moto inakuwa nyepesi, na pale ilipokuwa inapenya kwa tabu inapita mbio. Ndiyo maana sikukutuma ukafungue chujio kwanza, ingawa kwa wateja wengine ndilo la kwanza. Chujio la upande wa kunyonya likiziba, mara nyingi visa vinakuwa vya asubuhi, oili ikiwa nzito: pampu inalia, inasaga kama kokoto kwenye debe, na kadiri siku inavyopamba moto kelele zinapungua. Wewe umeniandikia kinyume chake. Libadilishe au lioshe kwa sababu utamwaga oili hata hivyo, ila usilitarajie lilete miujiza.

Kisha kile kimluzi. Ungekisahau kukiandika, ningekuzungusha wiki nzima. Valvu ya usalama inapofunguka, oili hupita kwa nguvu kwenye upenyo mwembamba na kupiga mluzi. Hiyo ni kawaida mzigo ukizidi, ila wakati huo injini nayo huelemewa, unaisikia ikiguma. Yako inapiga mluzi na injini imetulia kama mtu anayesubiri basi. Kwa sikio langu, valvu inafunguka mapema, presha haijafika. Springi imelegea, au kuna uchafu umekaa kwenye kiti cha kizibo, pale kinapokalia tundu, oili inapita pembeni. Oili baridi na nzito inapita kidogo, kijiko kinafanya kazi. Oili ya moto inapita yote.

Nilipokuwa kijana najifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, njia ya Korogwe, tulifunga pampu mbili kwenye mashine moja ndani ya mwezi. Ya tatu ilikuwa imeshaagizwa. Akaja mzee mmoja wa zamu, mtu wa maneno machache, akafungua valvu kwa spana moja tu, akatoa kipande cha oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia oili, kilichokatika, kidogo kama ukucha wa mtoto, kimelala kwenye kiti. Akakiweka juu ya meza mbele yetu, akaenda zake. Hakutukana, ndiyo ikawa mbaya zaidi. Ile pampu ya kwanza tuliyoitupa niliikuta baadaye inasukuma vizuri kwenye mashine nyingine.

Basi fundi wako aifungue hiyo valvu, juu ya kitambaa safi, mahali pasipo na upepo wa chumvi. Kijiko kiwe chini, injini imezimwa, hendeli imechezwa huku na huku presha itoke. Atoe springi, kizibo na oringi, aoshe kwa dizeli, atazame kiti kwenye mwanga. Kikiwa na mkwaruzo au kizibo kimelika upande mmoja, hicho ni kifaa cha kubadilisha, si cha kukaza. Oringi iwe mpya. Na kurudisha kipimo asitumie sikio wala kumbukumbu, atumie geji ya kupimia presha.

Geji ndiyo ninayotaka uinunue wewe, ikae kabatini kwako, isiwe ya fundi. Ya bar 0 hadi 250, yenye glisirini ndani ili mshale usitetemeke. Nenda Ngamiani, Tanga mjini, kwa wanaobana mipira ya presha, wakutengenezee kiungo cha herufi T, kifungwe kwenye njia inayotoka pampu kuingia valvu ya kijiko. Ukiifunga hapo inasoma chochote utakachokivuta. Matrekta madogo mengi ya aina yako hukaa kati ya bar 140 na 180, ila namba ya kwako hasa ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta au cha mikono ya kijiko. Uitafute hiyo, usichukue ya jirani.

Pimeni mara mbili: saa moja asubuhi na ile saa nne ya visa. Kijiko kitupu kikunjwe kuelekea kwako mpaka mwisho, dereva aendelee kushika hendeli sekunde tatu, asome, aachie. Asizidishe, maana oili inachemka bure. Kisha mikono ipandishwe hadi juu kabisa, pasiwe na mtu chini wala karibu, asome tena. Afanye hivyo mwendo wa injini ukiwa chini, halafu ukiwa umepandishwa.

Namba zitazungumza. Mshale ukiganda kwenye bar 100, tuseme, na hata ukiongeza mwendo wa injini hausogei, valvu ya usalama ndiyo mkosaji. Ukipanda kila unapoongeza mwendo na kushuka unapopunguza, oili inavuja mahali na pampu inahangaika kuifidia. Kukunja kukifika namba ya kitabu lakini kupandisha kukikwama chini, mkosaji yuko upande wa jeki za kupandishia, na hapo pampu imeshaachiwa huru kwa sababu ni hiyohiyo inayofanya kazi zote mbili. Vyote vikifika namba ya kitabu oili ikiwa ya moto na bado chumvi haipandi, trekta halina ugonjwa. Linabebeshwa tu.

Unaona bleidi ya nyuma sijaitaja kwenye ushahidi. Bleidi ile ni nyepesi, ingeinuliwa hata na presha ya kuombea maji. Ukitaka itoe ushahidi wa maana, ifungie magunia manne au matano ya chumvi saa nne ile ya visa. Ikipanda nayo, pampu imepata shahidi wa pili. Na magunia hayo yabaki hukohuko nyuma unapofanya kazi na kijiko, maana trekta dogo lenye mzigo mbele na kitu chepesi nyuma hunyanyua matairi ya nyuma, na juu ya tuta la jaruba hilo ni jambo la kuogopa.

Ugonjwa wa pili ni huu wa kijiko kushuka chenyewe. Angalia tarehe: umeanza baada ya skurubu kukazwa na mpira kupasuka. Nina shaka ile presha ya kupindukia ilipasua ulichokiona na kuchana usichokiona, yaani sili ya pistoni ndani ya jeki mojawapo ya kupandishia. Hivyo tiba ya fundi wa pili imekuachia maradhi mapya juu ya yale ya zamani.

Lakini mafundi wengi wakiona kijiko kinashuka wanaishtaki sili ya jeki hapohapo, na mara nyingi hukosea. Fikiri: kijiko kikishuka, ule mti wa jeki, ile fimbo yake ya chuma, unarudi ndani na kuchukua nafasi. Oili iliyo chini ya pistoni hata ikipenya kwenda upande wa juu haiwezi kuenea yote, kwa sababu mti umekaa hapo. Lazima nyingine itoke nje ya jeki, na mlango wa kutokea ni valvu ya hendeli. Kwa hiyo kijiko kinachoshuka namna hiyo karibu siku zote kina valvu ya hendeli inayopitisha, pamoja na sili mbovu au bila ya sili mbovu. Valvu zilizotumika hupitisha kidogo, na nusu saa ya chai ni muda mrefu. Nisingekuuzia valvu mpya kwa kosa la kushuka polepole. Sili ningeipima.

Kuipima hakuhitaji kufungua jeki. Simamisheni trekta kwenye ukingo wa tuta ili mikono ishuke chini ya usawa wa matairi mpaka jeki ziishe kuingia ndani. Zimeni injini, mtoe presha kwa kucheza hendeli. Fungueni mpira wa chini wa jeki moja, ule unaopeleka oili ya kupandishia, mpira huo uzibwe kwa plagi ya chuma yenye uzi wake, si kwa tambara. Lile tundu la jeki lielekezwe kwenye ndoo. Washeni, injini iwe taratibu, dereva asukume hendeli ya kushusha. Oili kidogo itatoka mwanzoni, ni mabaki. Ikikata, sili ni nzima. Ikiendelea kutiririka, inapita kando ya pistoni, umempata. Kisha jeki ya pili hivyohivyo.

Sili zenyewe huuzwa kwa vipimo. Nenda na zile za zamani na pistoni yenyewe, usiende na maneno. Mdomo wa sili uelekee upande presha inakotoka. Nimeona jeki ikifungwa na kufunguliwa mara tatu kwa sababu ya sili iliyogeuzwa. Na kabla ya kufunga mpya, pitisha kucha juu ya mti wa jeki, ile kromu inayong'aa. Kwako lazima kuna vishimo, kwa sababu ya biashara yako. Chumvi huanza kwa kuchimba kromu, kishimo kinachana sili ya vumbi, kisha maji ya chumvi yanaingia kila mti unaporudi ndani. Vishimo vikiwa vidogo fundi wa kukereza anaweza kuvilainisha. Vikiwa kama ndui, sili mpya itakaa msimu mmoja tu, na ni heri mti ubadilishwe.

Kuanzia sasa kila jioni trekta lioshwe kwa maji ya kisima, si ya jaruba, miti ya jeki ifutwe kwa kitambaa chenye oili, na lilale kijiko kikiwa chini na miti ya kupandishia imerudi ndani.

Kuhusu oili ninakugombeza kidogo. Matrekta mengi ya Kijapani oili ya giaboksi na ya haidroliki ni moja, tangi moja, na ina kazi ambazo oili ya injini haikuumbiwa. Ile ya injini ina dawa ya kusafisha masizi, na dawa hiyo inayashika maji yakachanganyika na oili badala ya kuyaacha yatue chini. Chota kidogo kwenye glasi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamo. Ukiwa na shaka weka tone moja, moja tu, kwenye kikaango cha moto ukikaa mbali. Ikitatarika kama kitunguu kibichi kwenye mafuta, yamo. Imwageni yote, mjiandae na zaidi ya ndoo moja ya lita 20, na mtie ile iliyoandikwa kwenye kitabu, ya giaboksi na haidroliki za trekta. Kipimo kisomwe kijiko kikiwa chini na jeki zimeingia, la sivyo mtajaza kupita kiasi. Lakini hili lifanyike mwisho, baada ya valvu na jeki, usije ukamwaga oili mpya mara mbili.

Mashavu yakatwe. Najua uliyalipia. Kama huwezi kukubali, basi piga mstari wa rangi ndani ya kijiko pale magunia matano yanapofika na dereva asiuvuke. Safari mbili za magunia matano zinamaliza trela mapema kuliko safari moja inayoganda kifuani na kushushwa tena.

Kuuza sikushauri. Anayekushauri uuze mwulize kwanza kama ana mnunuzi, na kama mnunuzi si yeye mwenyewe.

Geji ikishafungwa niandikie namba mbili, ya saa moja na ya saa nne. Na ule mpira uliopasuka usiutupe. Ubavuni una maandishi yanayotaja presha yake na idadi ya waya, niyatumie pamoja na ya huu mpya mliofunga, maana nina wasiwasi mliuchukua uliokuwepo dukani kama mlivyoichukua ile oili.